Bibi wa ukoo wetu alifundishwa Salamu Maria na mama wa Kiislamu wa Kondoa, enzi za Mjerumani

Wakuu, mbukwenyi. Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo, ipokeeni hivyo hivyo.

Mwezi huu wa rozari naona humu nyuzi za miujiza zimejaa. Yangu haina muujiza hata mmoja, ila ni ya kweli. Sikuwepo, nikiri mapema. Nimeisikia kwa bibi yangu mzaa baba, tukibangua karanga uani kwake Nkuhungu, Dodoma mjini, naye aliisikia kwa mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyepatwa na haya yote. Nisichokijua nitasema sikijui.

Mama yake bibi aliitwa Nyemo. Kwa Kigogo ni furaha.

Kwao ilikuwa upande wa Msalato, kando ya njia ya kwenda Kondoa. Mjerumani ndiye mtawala, reli imefika Dodoma si zamani. Nyemo ana miaka kumi na saba, kumi na nane hivi. Nani alikuwa anaandika tarehe za kuzaliwa?

Alipendana na kijana aitwaye Petro, mkata kuni za injini pale stesheni. Petro alishabatizwa, na msimamo wake ulikuwa mmoja: ndoa ni kanisani. Kwa hiyo Nyemo naye akaanza mafundisho ya ubatizo.

Baba yake hakuwa na ugomvi na dini. Tatizo, kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha pili, wake wawili, zizi limejaa, anamtaka Nyemo awe wa tatu. Baba akamwambia binti yake:

"Namngoja huyo Padre wako mara hii moja tu. Akikukubali, nenda na Petro. Akikukataa, ng'ombe wa mzee wanaingia zizini kwangu wiki hiyo hiyo."

Na Padre, wakuu, alikuwa anafika kigangoni, kikanisa chetu cha kijijini, mara mbili kwa mwaka. Ukifeli leo, unangoja mpaka msimu mwingine. Nyemo hakuwa na msimu mwingine.

Sasa njooni darasani. Kanisa lenyewe ni tembe ya udongo. Wanafunzi karibu wote ni wanawake, maana akida alikuwa anawazoa wanaume kwenda kutengeneza barabara. Mwalimu ni katekista kutoka pwani, Mwalimu Antoni. Bibi alikuwa anasema kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka vumbi la Dodoma lilikuwa linaona aibu kuigusa. Kiswahili chake kinateleza kama mlenda. Kigogo hajui, na hakuwa na haraka ya kukijua.

Sala zote zinafundishwa kwa Kiswahili. Na Nyemo Kiswahili ndio anakisikia pale kwa mara ya kwanza.

Ulimi wake haukuwa na R. Mnaotutania Wagogo hadi leo mnajua naongea nini.

"Salamu Malia..."

"Maria!"

"Malia."

"Mbinguni hakuna Malia! Rudi nyuma."

Nyuma ni kule wanakokaa watoto wadogo wanaoanza ishara ya msalaba. Dada wa watu, mchumba wa mtu, alikaa na vitoto miezi mitatu.

Pembeni ya njia ya Kondoa alikuwa anakaa mama mmoja Mrangi, Mwanaidi, umri kama miaka thelathini. Mume wake alikuwa anateremsha tumbaku na asali kutoka Kondoa hadi stesheni, na yeye akabaki hapo kuuza chumvi, shanga na kaniki. Mwislamu safi, swala tano. Kiswahili anacho, Kirangi ndio chake, na Kigogo alikiokota kwa wateja.

Nyemo alikuwa anampelekea maziwa kila asubuhi, anarudi na chumvi. Siku hiyo akafika macho yamevimba.

"Umepigwa?" Mwanaidi akamuuliza.

"Hapana, dada. Ulimi wangu umekataa dini."

Akamweleza. Wakati anaeleza, ndama wawili wakaingia kwenye uwele wa jirani. Nyemo akageuka, akatetemesha ulimi kama wachungaji wote wa kwao: "Rrrrrr!" Ndama wakatoka mbio.

Mwanaidi akaweka kibuyu cha maziwa chini taratibu.

"Hebu rudia."

"Nini?"

"Ulichowaambia ndama."

"Rrrrrr!"

"Sasa tia Ma mbele na ia nyuma."

Wakuu, bibi alipofika hapa alikuwa anacheka mpaka karanga zinamwagika. Yaani mwalimu alitafuta hiyo R miezi mitatu, kumbe binti anayo kutwa nzima machungani!

Ikawa kila asubuhi darasa. Maziwa, chumvi, Salamu Maria. Tena Nyemo alikuwa mdadisi, kila neno anataka maana yake. Neema ni nini? Mwanaidi anamfafanulia kwa Kigogo: "Ni kupewa kitu ambacho hukukilipia. Kama mvua ije hujaenda hata kutambika." Heri ni nini? Mkosefu ni nani? Darasani hakuna aliyewahi kuuliza. Wote walikuwa wanaimba tu.

Sasa baya likaja. Mwalimu Antoni alipita kununua chumvi, akawakuta katikati ya sala.

"Nyemo! Sala ya Bikira Maria unafundishwa na Mwislamu?"

Mwanaidi hakunyanyuka hata kwenye mkeka. "Mwalimu, shida iko wapi? Bibi Mariamu namjua tangu mdogo. Ana sura yake nzima ndani ya Kurani. Na mwanafunzi wako ulimkalisha na watoto, mimi nimemkalisha na mimi."

Mwalimu akaondoka bila chumvi. Jioni ile jina la Nyemo likafutwa kwenye orodha ya watakaohojiwa na Padre.

Nilimuuliza bibi, mama yako alifanyaje? Akasema alilia siku moja, ya pili akaenda kuchota maji kama kawaida, akaamua: nitasimama hata nisipoitwa.

Siku ya Padre ikafika. Mzungu mrefu, ndevu hadi kifuani, juu ya punda aliyemnunua kwa wafugaji wa huko huko. R yake mwenyewe, kwa maelezo ya bibi, ilikuwa inatokea kooni kama mtu anayetaka kukohoa. Mwalimu Antoni hakuwahi kumsahihisha huyo.

Punda akafungwa kwenye mti wa miiba nje ya mlango. Ndani wakahojiwa mmoja mmoja, wakasali vizuri tu. Orodha ikaisha. Baba yake Nyemo amekaa ukutani, fimbo mapajani, anangoja jibu lake.

Nyemo akasimama.

"Wewe hukuitwa," Mwalimu Antoni akasema.

Padre akainua mkono. "Mwache asali."

Woga, wakuu. Akavuta pumzi, na ile R ikatoka kwa nguvu zote za machungani:

"Salamu Marrrrrria!"

Nje tukasikia... samahani, WAKASIKIA kamba inakatika. Yule punda ni wa wafugaji, anajua akiambiwa rrrr maana yake ondoka. Akaondoka! Anaelekea Kondoa na blanketi la Padre mgongoni.

Kanisa zima likacheka. Nyemo hakucheka. Aliendelea hadi Amina bila kukosea, machozi yanamtiririka, kwa kuwa alijua ameshaharibu.

Mwalimu akaona hapo ndipo pa kumalizia. "Padre, nilimtoa kwa sababu. Huyu kafundishwa sala na Mwislamu."

Padre akamtazama Nyemo. "Ni kweli?"

Wakuu, hapo angeweza kukana. Baba yuko ukutani, ng'ombe wa mzee wako njiani. Akasema, "Kweli, Padre. Ni Mwanaidi."

Na Mwanaidi ndiye anatokea mlangoni, kamshika punda kwa masikio!

Padre akamuuliza kwa nini alimfundisha.

"Anataka kuolewa na anayempenda. Maneno ni yenu, mimi nimemnoa ulimi tu."

Padre akawageukia wale waliofaulu. "Umejaa neema. Neema ni nini?"

Kimya. Akamuuliza wa pili. Kimya. Mmoja akajaribu, akasema ni aina ya nguo.

Akamuuliza Nyemo. Kiswahili kikamwishia, akajibu kwa Kigogo, kirefu, mikono inaenda: mvua, shamba, mtu ambaye hakutambika. Padre haelewi. Mwalimu Antoni haelewi. Ikabidi Mwanaidi atafsiri akiwa pale pale mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, punda anamvuta.

Ndivyo Mwislamu alivyokuwa mkalimani wa mtihani wa ubatizo.

Padre akasikiliza hadi mwisho, akamwambia katekista, kwa upole lakini wote wakasikia: "Mwalimu, jifunze Kigogo. Huyu binti aandikwe wa kwanza."

Baba yake akanyanyuka ukutani. Alimpita Mwalimu Antoni, akaenda mlangoni akampokea yule punda, akamwambia Mwanaidi, "Lete, mwanangu, umechoka." Nyemo akajua yule mzee wa zizi atabaki na ng'ombe wake.

Alibatizwa kesho yake, na ndoa na Petro siku iliyofuata, kabla Padre hajaondoka. Bibi yangu ni mtoto wao wa nne.

Mwalimu Antoni alijifunza Kigogo kweli, tena baadaye alikuwa anachekesha watu kwa Kigogo chake. Namtaja kwa heri, alikaa kigango kile mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mwanaidi sijui. Vita vilipokuja njia ikafungwa, akarudi Kondoa na mumewe, hawakuonana tena. Ila Nyemo tangu hapo kila Jumamosi alitenga tendo moja la rozari, Salamu Maria kumi, kwa ajili yake. Akamwachia bibi. Bibi akaniachia mimi. Kwenye jumuiya yetu wageni hunong'onezana, "Huyu Mwanaidi ni marehemu wa nyumba gani?" Nawajibu ni wa kwetu.

Nilichojifunza: mtu anayekufundisha kwa subira mshike, usimuulize kwanza anaswali wapi. Na kama umejaliwa kusema kweli siku ambayo uongo ungekusaidia, sema.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa dini, Wagogo wenzangu wenye R za kuazima, karibuni.

Na wewe wa Kondoa, kama kwenu kuna simulizi ya bibi aliyeuza chumvi njia ya Msalato akakamata punda wa Padre, usipite kimya. Tuna salamu zenu nyingi sana hapa.