Alama ya Mama Pua

Kila asubuhi alioga kwa maji matupu. Sabuni pekee nyumbani ilikuwa ya kipande, ile ya kufulia, na hata hiyo aliipitisha kwapani tu, kisha akajisuuza mpaka ndoo ikaisha. Halafu alinusa mkono wake, huku na huku. Ukinuka chochote, anaoga upya. Vitunguu havikukatwa kabla hajatoka. Bintiye aliolewa bila tone la manukato, na mpaka leo humchokoza: "Siku ya harusi yangu, mama, nilinuka kama kikombe kilichooshwa."

Kazi yake ilikuwa kunusa, ndiyo maana wakamwita Mama Pua. Kiwanda chenyewe cha divai kilikuwa kikongwe kuliko bibi wa bibi yake. Chini kabisa palikuwa na ghala la mawe, na humo mapipa arobaini ya mbao za mwaloni yamelala safu kwa safu, yamejaa divai nyeupe. Divai ilikaa humo miezi kumi na moja, ikinyonya ladha ya mbao taratibu. Yeye hung'oa kizibo, akainama, akanusa mara moja. Hakunywa, wala hakuwahi kuipenda. "Hili zima. Hili linakwenda kuwa siki, litoeni." Kwa miaka ishirini na sita alikosea mara mbili, na zote mbili alisema mwenyewe.

Ndipo akaja meneja mpya, kijana nadhifu anayevaa viatu bila soksi. Akaanza kutembeza wageni kwa tiketi. Wageni wakasema ghala linanuka ukungu. Sasa ghala la chini ya ardhi linuke nini, mkate? Meneja akatundika ukutani visanduku vinane vyeupe, kila baada ya dakika chache vinatema manukato: psss. Ghala zima likanuka maua ya plastiki.

"Baba, viondoe hivi," alimwambia. "Sinusi kitu."

"Mama yangu, manukato yako nje, divai iko ndani. Vimekutana wapi?"

"Mbao zinapumua. Na hata zisingepumua, mimi napumua."

Meneja akacheka, akampigapiga begani. Kicheko hicho ndicho kilichomwasha. Alipanda ngazi, akavitoa vyote vinane, akavitia ndooni, na ndoo akaibwaga mezani kwa meneja, juu ya karatasi zake. Kesho yake vilikuwa ukutani tena, juu zaidi, asikofika.

Ikafika siku ya kuchagua: mapipa mazuri yachanganywe, mabaya yatengwe. Akanusa la kwanza: maua. La pili: maua. Alipofika la tisa akatoka uani, akavuta hewa mpaka kichwa kikamuuma, akarudi. Maua.

"Sijui," alimwambia meneja, neno ambalo hakuwahi kulitamka humo ndani. "Toa hivyo vidude, tungoje wiki mbili, ghala lipate hewa."

"Chupa zimeshafika, mama. Sema tu yote mazuri. Nani atajua?"

Mama Pua akamgeukia fundi mapipa, ambaye walianza naye kazi mwaka mmoja. Fundi alikuwa akiikagua nyundo yake kana kwamba ameiokota leo.

"Dada, mimi usiniingize."

"Nikuingize wapi, na umo humu miaka yote hii? Si wewe uliyeniambia la kumi na saba limeachia mshono, linaingiza hewa? Njoo, linuse mwenyewe."

Fundi akaigeuza nyundo, akaanza kuukagua mpini.

Meneja akachukua chaki, akapita pipa kwa pipa akichora kiduara chenye mkia. Ilikuwa alama yake Mama Pua, alama ya kupitisha, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuichora. Aliiga vizuri, yule kijana. Hata mkia aliupatia.

"Unaona? Dakika tano."

"Hiyo ni pua yangu unachora," alisema polepole. "Atakayekunywa uchafu wa hilo la kumi na saba atakuwa ameambiwa nimelipitisha mimi."

"Mama, hao hawakujui."

Akalifuta la kumi na saba kwa mkono wa gauni. Meneja akangoja asogee, akalichora tena, bila haraka, akitabasamu.

Mama Pua akavua aproni, akaiangusha hapo hapo kwenye mawe. Ngazini alipishana na wageni wakishuka, tiketi mkononi.

"Samahani, mama, ghalani ni huku?"

"Ni huku," alisema. "Shukeni, pananukia vizuri sana."

Akavuka ua, akampita mlinzi bila kumuaga, akatoka getini. Hakurudi tena.