Bwana Gramu na Fimbo Tatu Zilizovaa Pazia

Kila kitu kinachoingia nyumbani kwa Bwana Gramu kinapimwa. Mkate unapimwa, sabuni inapimwa, na mkewe alipojifungua mtoto wa tatu, wauguzi walipomtajia uzito wa mtoto, aliuliza mizani yao mara ya mwisho ilirekebishwa lini. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe, akitaka aitike haraka, humwita Gramu.

Kazi yake ni kutengeneza fimbo za gofu. Ana chumba kimoja nyuma ya dobi wa klabu, chenye dirisha dogo, jiliwa la kubania vyuma, mizani mbili, na ukuta mzima wa shafti, yaani ile mipini mirefu ya fimbo, zimesimamishwa kama mianzi. Ukuta unaopakana na dobi hutoa joto la pasi kutwa nzima, na Gramu anasema joto hilo linasaidia gundi kukauka. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Siku moja mteja alimletea fimbo iliyong'oka kichwa, akidhani mtu anayeweza kunyoosha spoku hawezi kushindwa na bomba moja. Gramu aliibandika, akaipunga hewani mara mbili, akaipunga tena. Tangu siku hiyo baiskeli zikakosa mwenyewe.

Fimbo ile ilikuwa ya Kijapani. Hapo ndipo alipotekwa.

"Wengine wanatengeneza fimbo," hupenda kusema. "Wajapani wanazilea."

Atakueleza, utake usitake, tofauti ya kichwa cha chuma kilichofuliwa kwa nyundo na kile cha chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa. Cha kumiminwa, ukikosea mpira kidogo tu, kinakupiga mpaka kwenye kiwiko. Cha kufuliwa, tena cha Kijapani, ukiupata mpira katikati mkono hausikii kitu, ni kama kisu kimepita kwenye siagi iliyokaa nje. Halafu atahamia kwenye shafti, na hapo tafuta mahali pa kukaa. Majina ya dukani ya shafti hayamhusu. Anaziita kwa rangi. Kipenzi chake ni Nyeusi, ya kaboni, nyepesi, imesokotwa uzi kwa uzi. Ukimkuta ameishika utadhani amepewa mtoto wa watu amshikilie. Mwenyewe hachezi vizuri. Mpira wake huenda kulia kama mtu aliyeitwa. Lakini hilo halimzuii kuhubiri.

Mtu pekee anayembishia uso kwa uso ni Shemeji, mdogo wake mkewe. Shemeji ni kedi, hubeba mikoba ya wachezaji na kuwaonyesha wapige fimbo ipi, na jioni tatu kwa wiki hula kwa dada yake. Yeye ni mtu wa shafti nzito za chuma, zile za zamani.

"Hiyo Nyeusi yako," husema, akivuta bakuli la mchuzi upande wake, "ni ya kuchokonolea meno."

"Umebeba mikoba miaka kumi na tisa, bega limekuwa sugu. Utasikiaje kitu chepesi?"

"Bega ndilo limeona mambo, shemeji. Mimi nimeona mipira inaangukia wapi. Wewe umeona gundi."

"Mkimaliza kupigana na fimbo," dada mtu huwaambia, "kuna sahani za kuosha. Nazo zina uzito mbalimbali, mtafurahi."

Mke wa Gramu ni mshonaji wa mapazia, na amesikia habari za Japani mpaka anaweza kuzisimulia huku akitia uzi kwenye sindano.

Basi wiki moja Daktari wa Meno aliingia kwenye kile chumba akiwa amekumbatia kasha. Ni mwanamama mtaratibu, anayecheza kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua kliniki yake. Aliliweka kasha mezani na kufungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vichwa vinane vya fimbo, vya kufuliwa, vya Kijapani, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Vilikuwa havijaguswa na shafti yoyote.

Gramu alifuta mikono kwenye aproni, kisha hakugusa. Miaka yote hiyo kila fimbo ya Kijapani iliyopita mikononi mwake ilikuja ikiwa mgonjwa: imepinda, imelegea, imeng'oka. Alikuwa tabibu wa fimbo hizo. Hakuwahi hata mara moja kuwa mkunga.

"Fundi," Daktari akasema, "wewe kila nikija unaniambia nitie Nyeusi. Shemeji yako kila tukiwa uwanjani ananiambia nibaki na chuma kizito. Na duka la mjini wana mashine yenye kamera inayofuatilia mpira, wananiambia niwaletee wao. Mmenichosha. Nitengenezee fimbo tatu za nambari saba, shafti tofauti, uzifunike nisijue ipi ni ipi. Jumamosi nitazipiga. Tofauti ikionekana, kasha ni lako, ujenge. Isipoonekana, basi habari za shafti ni porojo, nampelekea mtu wa mashine amalize."

"Itaonekana," Gramu akasema.

Siku mbili alipekua chumba kizima. Kwenye makopo yake alipata vichwa vitatu vya nambari saba, fimbo ya masafa ya kati, vyote vya aina moja. Kimoja akakivika Nyeusi. Kimoja akakivika shafti nzito ya Shemeji, ili asije akalalamika. Cha tatu kilikosa mwenzi, akachomoa ukutani shafti moja ya chuma chepesi, ya Kijapani pia, rangi ya kijivu, ambayo hakuna aliyewahi kuisifu wala kuisema vibaya. Mkewe akashona vifuko vitatu virefu vya kitambaa cha pazia, kijani chenye maua, vya kufunika shafti kuanzia chini ya mshiko mpaka karibu na kichwa.

"Zimependeza kuliko mimi," Shemeji akasema alipoziona. "Zinaenda harusini au uwanjani?"

Kila kitu kilikuwa tayari. Ila Gramu ni Gramu. Ijumaa mchana alizipandisha fimbo kwenye mizani, moja moja, akaona zinavyotofautiana, na roho ya haki ikamwingia. Daktari ana mikono ya kushika vitu vidogo, aliwaza. Atazitambua kwa uzito hata kabla ya kupiga, kisha Shemeji atasema nimempa ishara. Kwa hiyo akakata utepe wa risasi, ule mzito wa kuongezea fimbo uzani, akabandika vipande nyuma ya vichwa, akaficha vingine ndani ya mishiko, akapima, akapunguza, akaongeza, ulimi nje, mpaka zote tatu zikavuta sawasawa, tofauti yake haifiki nusu gramu. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Jumamosi walikutana kwenye uwanja wa mazoezi. Gramu alizisimamisha kwenye kibanio fimbo zake zenye maua, ambazo mkewe alikuwa amezichanganya hata yeye asijue ipi ni ipi, kando ya meza yenye kasha la Daktari. Mkewe alikaa kwenye benchi na chupa ya chai. Shemeji alishuka uwanjani na ndoo yake, hatua mia moja na kitu, akasimama pembeni na mwavuli. Mipira aliitayarisha yeye: sita yenye nukta nyekundu kwa fimbo ya kwanza, sita yenye nukta ya buluu kwa ya pili, sita mitupu kwa ya tatu. Hakusema kwa nini. Gramu alijua kwa nini. Alitaka ushahidi.

Daktari akavaa glavu, akapiga ya kwanza mara sita. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Hakuwa na haraka. Akashika ya kwanza tena, akaipunga, akairudisha. Kisha akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Fundi, sitaki kukudanganya. Mkononi ni fimbo moja, nimeipiga mara kumi na nane."

Gramu akacheka kidogo, kwa adabu. Akaichukua ya kwanza akaipunga. Akaichukua ya pili. Akaichukua ya tatu, akairudia ya kwanza, lakini hata yeye, yeye aliyehubiri miaka yote hiyo, hakusikia kitu. Nyeusi yake ilikuwa mojawapo ya zile, kipenzi chake, na hakuijua.

"Gramu," mkewe akamwita kutoka kwenye benchi. "Hukuzitia risasi?"

"Nilizitia kidogo. Ili zilingane. Ili haki itendeke."

Mkewe akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Mimi mteja akiniletea pazia la hariri na pazia la kitambaa cha shule, nikashonea risasi kwenye pindo za yote mawili, yananing'inia sawasawa. Ndiyo kazi ya risasi. Sasa wewe umezishonea pindo zote tatu, halafu unamwuliza daktari wa watu hariri ni ipi?"

Gramu akatazama zile fimbo. Maua ya pazia yalimtazama pia.

Angeweza kuomba azibandue zile risasi, warudie. Lakini aliona Daktari anaangalia saa, na zaidi ya hapo, aliona aibu ya mtu aliyejifungia mlango akiwa nje na ufunguo ndani.

"Daktari, kosa ni langu," akasema. "Nilizipima mpaka nikaua nilichotaka kukuonyesha. Lakini tuliahidiana. Tofauti haikuonekana. Kasha lipeleke kwa mtu wa mashine, na umwambie asichane zile karatasi. Zinafunguka pembeni."

Daktari akaitia glavu mfukoni. Akaliinua kasha kutoka kwenye meza.

Gramu hakutaka kuliona likienda, akageuza macho uwanjani. Kule chini Shemeji hakuwa anaokota mipira. Alikuwa amesimama na ndoo tupu, mwavuli umelalia bega, kama mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani. Akainama, mkono ukaufikia mpira, akaurudisha mkono. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa. Akawatazama. Akaitazama nyasi tena.

"Ana nini huyo?" mkewe akauliza. "Mdogo wangu akisimama hivyo ujue kuna ukweli umemkaa kooni."

Ndipo Shemeji akapiga mluzi mrefu na kuwapungia.

"Daktari," akaita, bila furaha yoyote. "Kabla hujaondoka, shuka uone."

Walishuka wote. Mipira ya nukta nyekundu ilikuwa imetawanyika, mmoja huku, mmoja kule, mmoja umeingia kwenye mchanga. Ile mitupu ilikuwa imeelekea kushoto, mmoja nyuma ya mwingine kama foleni ya hospitali. Lakini ile yenye nukta ya buluu, yote sita, ilikuwa imelala pamoja mahali ambapo ungeweza kuifunika kwa shuka moja, tena shuka ya kitanda kidogo.

"Niliitia alama ili nimfunge mdomo huyu mtu," Shemeji akasema. "Nilijua ile yenye kurundikana itakuwa shafti yangu nzito. Lakini fimbo ya pili ilipopigwa nilisikia mlio wake, na mlio wa nzito naujua hata nikiwa nimelala. Haikuwa ile."

"Ungeokota tu," Gramu akamwambia polepole. "Hakuna ambaye angejua."

"Ningejua mimi. Halafu ningekula kwako Jumatatu nikikutazama, chakula kinishuke vipi?"

Walirudi juu. Mke wa Gramu ndiye aliyefungua nyuzi za vifuko, kwa kuwa ni yeye aliyezifunga. Ya kwanza ilikuwa Nyeusi. Gramu alifumba macho kidogo. Ya tatu ilikuwa nzito, na Shemeji akatazama mbali. Ya pili, ile ya buluu, ilikuwa Kijivu.

Hakuna aliyekuwa na hotuba ya Kijivu. Miaka yote ya kubishana juu ya bakuli la mchuzi, haikutajwa hata mara moja.

"Niliileta ili kichwa kisikae bure," Gramu akakiri.

Daktari wa Meno akacheka, kicheko chake kifupi cha kliniki. "Mikono yangu haikusikia kitu, lakini mipira imesikia. Nilisema tofauti ikionekana. Sikusema ni nani aione." Akaliweka kasha mikononi mwa Gramu. "Wale wa mjini wana kamera. Wewe una shemeji. Jenga na Kijivu, na nikikuta risasi hata moja nakung'oa jino."

Jumatatu asubuhi Gramu alinawa mikono mara mbili. Alifungua karatasi ya kwanza kutoka pembeni, taratibu, akakitoa kichwa na kukiweka kwenye mizani, kisha akakaa anakitazama tu, bila kuandika namba. Kwa dobi pasi zilikuwa zinatoa mvuke. Mlangoni akatokea Shemeji.

"Nimekuja kuazima koleo," akasema. Hakulichukua. Akasimama akiutazama ukuta wa shafti. "Lakini niambie kitu kimoja tu, na usirefushe. Ile Nyeusi. Kwa nini ilitawanya vile?"

Gramu alikiweka kile kichwa kwenye karatasi yake, akakifunika vizuri, akavuta stuli kwa mguu.

"Kaa," akasema.

Shemeji akakaa. Alipokumbuka koleo, jua lilikuwa limeshahama kutoka dirishani.