Upepo, Theluji na Shati la Jumapili

Utabiri wa hali ya hewa redioni ulikuwa haunihusu. Ulikuwa wa mvua za kanda ya ziwa na mawimbi ya baharini, mambo ya watu wa mbali, na mimi saa hizo huwa namenya ndizi. Jioni ile, masika yakiwa yanaishia, mtangazaji akasema upepo mkali na theluji vinatarajiwa sehemu za juu za Mlima Kilimanjaro, na wanaopanda wachukue tahadhari. Mume wangu akanyoosha mkono, akazima redio. Alisema anaokoa betri.

Betri zilikuwa mpya. Nilizinunua mwenyewe sokoni siku hiyo hiyo. Machale yakanicheza.

Mnisamehe, ndivyo nilivyolelewa. Kwetu Kirua Vunjo baba alikuwa akituaga kila mara kwamba anakwenda mjini kwa biashara ya ndizi, na sisi tukimfungia chakula cha njiani. Siku ya msiba wake ndipo tulipokutana na ndugu zetu wa Rau, pale pembeni ya mji wa Moshi, wamekaa mstari wa mbele na pua ya baba kila mmoja. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikajiapiza kwamba hayo hayatanipata.

Kwa hiyo nilipoolewa Marangu na mpagazi, nilikuwa na utaratibu wangu. Hao wagumu, kama wapagazi wanavyojiita wenyewe, hupotea mlimani siku kadhaa na hakuna wa kumuuliza. Tena wakati huo kampuni za utalii zilikuwa zikichipuka mjini kila kukicha, mwenye gari na simu tayari ana kampuni, na mume wangu alimbebea mizigo yeyote aliyemwita. Kila akirudi nilimkagua. Kwanza midomo, maana baridi ya huko juu huipasua. Kisha viatu: lile vumbi la kijivu la kilele cha Kibo hujificha kwenye mishono, na Rau hulipati hata ukilitafuta kwa tochi. Yeye husimama mlangoni, mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi, anacheka. Na mimi nilicheka, lakini nilikagua.

Asubuhi alikuwa na safari ya mlimani, nikamwambia asiende. Akasema watu wa redio wako Dar es Salaam wanatoka jasho, mlima wataujulia wapi. Alijibu haraka mno, kama mtu aliyekuwa na jibu tangu jana. Niliporudi kutoka kumkatia ng'ombe majani, mume wangu alikuwa ameshaondoka. Nikafungua sanduku. Shati lake jeupe la Jumapili, lile la kanisani, halikuwepo.

Sasa niambieni, mtu anapeleka wapi shati jeupe kwenye theluji?

Jirani yetu alikuwa mpishi wa misafara, na kwa kawaida walipanda pamoja. Nilimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, anaondoa majani makavu ya migomba. Akaniambia msafara wao umeahirishwa, wageni wamesikia utabiri wakabaki hotelini. Alisema hayo bila kunitazama, anahangaika na mgomba ambao ulikwisha kuwa safi. Nilipomuuliza mume wangu yuko wapi, akasema labda yuko mjini.

Mjini. Neno lile lile la baba.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Moshi, nikatembea kwa miguu hadi Rau. Sikumjua mtu wa kumuuliza, na hata ningemjua ningeuliza nini? Nikawa napita nyumba kwa nyumba nikitazama kamba za nguo. Mashati meupe yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea. Moja lilinitia shaka, nikasogea nikageuza kola, kwa sababu lile la mume wangu nililishona kola kwa uzi wa bluu baada ya mweupe kuniishia. Akatoka mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo huku kola ya watu iko mkononi. Akaitikia, akauliza kama natafuta mume. Nikasema nimepotea njia. Akaniletea maji ya kunywa, ila shati alilianua kwanza.

Nilirudi Marangu jioni. Upepo ulikuwa umetufikia hata sisi wa chini, migomba inavunjika, na Kibo haionekani kabisa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mpishi. Nikamwambia nafunga virago narudi kwetu, naye amfikishie rafiki yake salamu, abaki na mwanamke wake wa Rau. Mpishi akaketi kwenye kigoda.

"Shemeji, hakuna cha Rau. Amepanda."

Akanieleza yote. Kulikuwa na kampuni nyingine, mpya, wageni wake hawakutaka kungoja, na wagumu wengi waliposikia utabiri wakakataa. Kiongozi wa msafara akaahidi kwamba atakayekubali safari hii atamfanya msaidizi wake. Mume wangu alikuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu tuoane. Yeye na mpishi wakakubaliana nisiambiwe kwamba amepanda wakati wenzake wamekataa, maana ningekwenda kulala njiani, pale kwenye geti la kupandia mlima, asipite mtu. Ni kweli, ningelala.

Bado sikuamini. Nikamuuliza habari ya shati.

"Koti hana, shemeji. Alivaa mashati yote aliyo nayo, moja juu ya jingine. Hata hilo la Jumapili kalivaa."

Mwanamke mzima nimeshinda Rau nikinusa kamba za watu, na mume wangu yuko kwenye upepo ule amevaa shati la kanisani.

Tangu siku hiyo nikawa nashinda getini. Askari aliniambia wote huko juu wako salama, nikamshuku, kwa sababu alikuwa akimwambia hivyo kila aliyefika. Walishuka wawili wamemkokota wa tatu, nikamtazama usoni, si yeye. Nikawaonea huruma baadaye. Wakati ule nilishukuru tu.

Siku waliposhuka wengine, yeye alikuwa wa mwisho. Midomo imepasuka, viatu vya kijivu hadi kwenye kamba. Alipofika mbele yangu akainua mikono juu, kwa mazoea. Sikutazama midomo wala viatu. Nilipenyeza vidole shingoni mwake, katikati ya yale mashati, mpaka nikaipata kola yenye uzi wa bluu. Nikaishika.

Nikamwambia nilikwenda Rau. Akauliza Rau kuna nini. Nikasema nilikwenda kumtafuta mwanamke wake. Akacheka, mikono bado iko juu, mpaka mdomo ukatoka damu.

"Ukamkuta?"

"Sikumkuta. Na kila usiku nimemwomba Mungu mwanamke huyo awepo, nawe uwe kwake."

Akaacha kucheka, akashusha mikono.