Shikamoo kwa Treni

Juzi, karibu na stesheni ya Same, niliuona mlingoti wa ishara ya reli bado umesimama, mkono wake wa chuma umeliwa na kutu. Nikacheka peke yangu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, nilishuka na bibi kutoka kwetu milimani Vudee hadi hapo kumpokea mama, aliyekuwa kibarua wa kuanika mkonge Korogwe. Treni ilisimama mbali, ikihema moshi wenye harufu ya mafuta, wala haikusogea.

"Bibi, mbona haiji?"

"Inangoja mkono ule ushuke."

Nikaelewa papo hapo: mlingoti hauna adabu, haujaiamkia treni! Nikakimbia hadi chini yake, nikapiga goti, nikaiamkia mwenyewe kwa sauti yangu yote: "Shikamoo!"

Waya ukalia, mkono ukashuka. Treni ikapiga honi ndefu. Marahaba! Nikarukaruka kwenye kokoto mpaka mama aliponinyanyua, kanga yake ikinuka mkonge.

Leo najua kulikuwa na mtu kibandani akivuta waya. Hata hivyo juzi niliangalia huku na huku, nikapiga goti kwa shida, nikauamkia mlingoti wenyewe. Kisha nikatega sikio, nikingoja marahaba.