Ua Lililofika Kianyaga

Mama alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia jirani yetu ametuacha na tunamzika Ijumaa. Halafu akakata simu. Wewe unayenijua unajua mama yangu hakati simu upesi hivyo. Nilirudi kwetu Mukurweini na uso ukinichoma kwa aibu ya zamani.

Jirani huyo tulimwita Tata, ingawa hakuwa shangazi yetu wa damu. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kufuma vitambaa. Maziwa yakishapelekwa deri, akina mama walikusanyika uani kwetu, kila mmoja na uzi wake na sindano ya kroshia, wakifuma na kucheka mpaka chai inamwagikia moto, nasi watoto tukimenya ndizi huku tumetega masikio. Kitambaa kikubwa cha meza hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Kila rafiki alifuma kipande chake, kisha vikaunganishwa; ukiingia nyumba ya mtu, meza ilikuonyesha marafiki zake. Kwetu, vipande vya katikati vilikuwa vya Tata.

Sasa, mama alikuwa na ua lake la kufuma. Alilibuni mwenyewe, akilifuma na kulifumua mpaka likakaa sawa, na hakumfundisha mtu isipokuwa Tata. Siku moja akaenda harusi Kianyaga, alikozaliwa Tata, akakuta ua lile limejaa kwa vitambaa vya viti vya watu. Alirudi amefura. Tata akaja jioni kujieleza.

"Dada yangu aliniomba nimuonyeshe. Nilidhani utafurahi. Si ni ua tu?"

"Ati ua tu! Hiyo ndiyo kitu moja niko nayo, na wewe umeigawa kama chumvi!"

Kesho yake mama alichukua makasi, akakata vipande vya Tata kutoka kwa kitambaa chetu, akavifunga kwa gazeti, akanituma nivirudishe. Njiani nikakutana na akina mama walewale wakitoka deri. Wakaniuliza nimebeba nini. Nikasema mayai. Tata alilifungua gazeti akiwa mlangoni, kisha akanipa kiazi kitamu kilichotoka jikoni wakati huo. Jamani, ile aibu! Tangu siku hiyo nilienda shule kwa njia ya mtoni, nisipite langoni kwake.

Mama hakuziba yale matundu. Kitambaa kilibaki mezani hivyo hivyo, wageni wakijifanya hawaoni. Kikundi nacho kikafa polepole, maana hakuna aliyetaka kuchagua upande. Siku hizi viti vya kwetu vimevikwa vitambaa vya dukani, na mchana uani hakuna mtu wa kucheka na mwenzake. Nafikiri hicho kicheko ndicho ninachokikosa zaidi.

Ijumaa, kando ya kaburi, mwendesha ibada akawaita marafiki wa marehemu waje mbele. Wale wafumaji, wazee sasa, wakajikokota mmoja mmoja. Mmoja wao akageuka, akampungia mama mkono aje.

Mama akanishika bega, akainuka nusu. "Nitasimama pale kama nani?" akaninong'oneza.

Niliona haya, na si kwa ajili yake bali yangu mwenyewe. Moyoni nilikuwa naomba akae tu, watu waache kututazama.

Akakaa.