Wanafunzi wa Denmark walivyokuja kujifunza kusuka mikeka kwetu Kitendaguro, enzi za Ujamaa

Wakuu, za jioni. Wakubwa zangu shikamooni. Hili lilitokea nyumbani kwetu, sijasimuliwa.

Wazazi walikuwa wameshafariki. Mimi, binti mkubwa, niliacha shule darasa la tano nikabaki na wadogo zangu, Koku na Deo. Ndizi zilitoka kibanjani, shamba letu la migomba. Chumvi na sabuni vilitoka kwenye mikeka niliyosuka.

Baba mdogo, wa Muleba, alishatamka: "Nyumba bila mwanaume si nyumba. Nitakuja kuwachukua hao wadogo."

Hakuwa mtu mbaya. Ila mimi sikutaka tutengane.

Mwezi wa saba wakaja wanafunzi watatu wa sanaa kutoka Denmark, wako likizo. Mwalimu mmoja wa hapo jirani ndiye aliyetafsiri.

Nilidhani watapiga picha waondoke. Wapi! Waliuliza kila kitu: kwa nini ukindu unachemshwa? Kwa nini mkeka wa mgeni haulaliwi na wenyeji? Mmoja wao, Kirsten, hata aliutafuna ukindu ajue ladha yake.

Nami nikauliza: kwenu nani anasuka? Akasema bibi yake alifuma masweta, yeye hajui hata kuanza. Nikashangaa. Amevuka bahari kuja kujifunza mikeka yetu!

Wiki ya pili Baba mdogo akatokea na baiskeli. Nikajua amewafuata watoto.

Kabla sijamsalimia, Kirsten akadhani naye ni mwanafunzi. Akamsogezea nafasi, akamkabidhi ukindu.

Kwetu mwanaume hasuki mkeka. Lakini pia hukatai kitu mkononi mwa mgeni. Akakaa.

Koku, mdogo vile, ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Baba mdogo, umepotea. Fumua."

"Nifumue yote?"

"Yote, waitu. Hata Mzungu jana alifumua."

Mwalimu alicheka mpaka akatoka nje.

Baba mdogo akafumua, akaanza tena. Baadaye akamuuliza Koku, "Nani kakufundisha?"

"Dada."

Akainamia tena ukindu wake. Jioni akapanda baiskeli yake. "Nitakuja wageni wakiondoka."

Wageni wakaondoka. Kila kengele ya baiskeli ikawa inanishtua.

Akaja kweli. Nikasimama mlangoni. "Baba mdogo, nakuheshimu, lakini watoto hawaendi."

Akamshusha binti yake kutoka nyuma ya baiskeli, na kifurushi cha nguo.

"Nani kasema waende? Nimemleta huyu. Akae na wenzake, umfundishe."

Nikarudi jikoni kuongeza ndizi chunguni.

Wakuu, nilichojifunza: nilibishana na Baba mdogo muda mrefu bila kumgeuza. Kilichomgeuza ni kukaa chini na kuona kazi yetu kwa karibu, na hilo lililetwa na mgeni mwenye maswali mengi.

Waliokuwa Kagera miaka hiyo, nanyi mlipata wageni wa namna hii? Waliwauliza nini? Karibuni, nasoma zote.