Korido Iliyopinda

Ukungu ukishuka kutoka Mlima Meru asubuhi na kuingia Sekei, huwa nakaa barazani kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, kikombe cha kahawa ya kwetu mkononi, na kwa muda mfupi sijui niko wapi. Ukungu unafuta mabati ya majirani, unafuta nyaya za umeme, unafuta mlima wenyewe. Unabaki weupe mtupu. Ndani ya weupe huo naiona tena ile korido.

Ilikuwa korido ya chuo kikuu kidogo mashariki ya Kanada, katika mji mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya posta unaombewa afya kanisani. Niliipiga deki kila alfajiri kabla ya kuingia darasani, maana ada yangu hakuilipa mjomba wala mfadhili. Pale Kijenge, ambako leo nina duka langu la vifaa vya ujenzi, wapo wanaopenda kusema kwamba nilibebwa. Nani alinibeba? Nilijibeba mwenyewe, na ndoo na fagio juu yake. Nikarudi na stashahada ya ujenzi, na hadi leo sijaona ukuta wa fundi yeyote mjini hapa unaoweza kusimama karibu na wangu bila kuona aibu.

Korido ile ilikuwa na picha upande mmoja, kuanzia mlangoni hadi mwisho. Ndizo zilizonifundisha jinsi chuo kinavyozaliwa. Picha ya kwanza, iliyofifia hadi ikawa na rangi ya chai, ilikuwa ya ghala la viazi. Theluji imefika madirishani, mchungaji mmoja amesimama na koti refu, na wanafunzi wachache wamejikunyata kando yake kama kuku kwenye mvua. Hicho ndicho kilikuwa chuo chote. Ukisogea na deki unakuta nyumba ya mbao, kisha jengo la matofali mekundu. Halafu wasichana wa kwanza kupokelewa, wenye kofia na macho makali. Halafu vijana waliorudi kutoka vitani, wakubwa kuliko madawati yao. Maabara, bweni, maktaba. Nilikuwa nikitembea ndani ya maisha ya chuo kama mtu anayepita kwenye ndoto ya mtu mwingine, na sakafu nyuma yangu ikibaki na maji yanayong'aa, picha zote zikielea humo kichwa chini.

Baada ya picha ya matofali, korido ilipinda. Haikuwa kona ya maana yoyote. Ilienda kushoto, ikazunguka, ikarudi kwenye mstari wake, kama mtu aliyekwepa dimbwi. Mimi mwanafunzi wa ujenzi, jambo hilo liliniudhi. Nikamuuliza bosi wangu wa usafi, mama mmoja mnene aliyekuwa akisikika kwa funguo zake kabla hajaonekana.

"Mchoraji alikuwa amelewa?" nikasema.

"Chungulia dirishani, wewe fundi mkuu," akanijibu.

Nje, katikati ya ile kona, kulikuwa na miti michache mizee ya matufaha. Akanieleza kwamba palikuwa pa mjane mmoja. Chuo kilipotaka kutanuka alikataa kuikata miti ya marehemu mumewe. Wakubwa wa chuo wakabishana, wakachoka, wakapinda. Mjane alikufa zamani, lakini wanafunzi wanakula matufaha yake hadi leo.

Mwisho wa korido kulikuwa na msumari mtupu. "Huo unasubiri," aliniambia yule mama. Ulisubiri hadi mwaka wangu wa mwisho. Nilipoingia, mahali pale paliitwa chuo tu; nilipotoka palikuwa chuo kikuu. Huwa nasema tulipanda daraja pamoja, na hakuna aliyewahi kunipinga. Kundi letu lilipigwa picha kwa ajili ya ule msumari. Mpiga picha akasema tucheke. Sasa, mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru, na maji ya kwetu huyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Kule walidhani navuta sigara tangu nikiwa tumboni. Mama yangu, kila akipigwa picha, hufunga mdomo kama mtu aliyeficha sindano humo. Mimi nilicheka meno yote. Nipo pale ukutani hadi sasa, mstari wa tatu, kahawia na fahari.

Nilirudi na wazo moja tu: kujenga chuo cha ufundi kwetu, juu ya Maji ya Chai, kwenye kihamba cha ukoo. Ndilo shamba letu la migomba na kahawa ambamo baba amezikwa. Mtoto wa mlimani asilazimike kwenda kupiga deki kwenye theluji ili ajifunze kusimamisha ukuta. Mama alishaniambia kwenye simu, "Jenga, mwanangu, jenga." Nikachora ramani, jengo refu lililonyooka kama rula. Jumamosi moja nikapanda na kamba na vigingi, nikavipigilia katikati ya migomba, na juu ya kila kimoja nikafunga utepe wa rangi ya chungwa, kama tulivyofundishwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile na kahawa ilikuwa imechanua. Mashina yote yalijaa maua meupe, harufu ikanilevya. Nilifanya kazi kama niko kwenye theluji yenye joto, nikiona madirisha na korido yangu, nikisikia deki ya mtu mwingine. Nikalala kwangu Sekei nikiwa na furaha.

Kumbe kwetu kigingi chenye utepe kina maana moja tu: shamba limeuzwa.

Kesho yake, baada ya ibada, nikapanda tena kwenda kuonyesha kazi yangu. Nilifika kwenye kigingi cha kwanza nikasimama. Chini ya utepe palikuwa pamefungwa jani la sale, limepigwa fundo. Cha pili, vivyo hivyo. Vyote. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Jani lake likifungwa fundo ni ombi la amani, na ombi hilo halikataliwi. Ukilikataa umekataa ukoo, na ukoo nao utakukataa. Desturi ni mdogo kumpelekea mkubwa. Nikatazama yale mafundo nikayajua kwa jinsi yalivyokazwa. Yalikuwa ya baba mdogo, ndugu pekee wa baba aliyebaki. Mzee huyo wa kanisa, mwenye mvi kichwa kizima, alikuwa ameniomba mimi.

Alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na kaburi la kaka yake, bado na suti ya ibadani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Mkanada. Umelala?"

"Nimelala."

"Una bahati. Sisi tumesikia hoteli inakuja hapa, na bwawa la kuogelea. Tukajiuliza, huyu kaka yangu huku chini tumfundishe kuogelea au tumhamishe?"

"Hakuna hoteli. Ni chuo. Cha ufundi."

"Kwa hiyo kaka yangu ataingia darasa gani?"

Nikageuka nikatazama kamba yangu. Kwa kweli ilipita pembeni mwa kaburi, hatua moja tu, na ikakata safu nzima ya migomba aliyoipanda baba mwenyewe. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Mama akatoka jikoni na bakuli za loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na mtindi. Hakutazama vigingi. "Mama, si ulisema nijenge?" nikamuuliza.

"Nilisema. Nilidhani unanijengea jiko."

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. "Sikukuwekea sale ili usijenge," akasema taratibu. "Nimekuwekea ili uzungumze. Ukiling'oa, mimi nateremka kwangu, na hutaniona tena hapa. Wala chuo chako hakitapata mtoto hata mmoja wa mlima huu."

Nilijua anamaanisha. Nikila loshoro nikaona ndoto ya miaka yangu yote ikining'inia kwenye fundo la jani. Upepo ukapita kwenye kahawa, maua yakadondoka mabegani mwa suti ya baba mdogo, meupe, polepole. Nikaona tena ile miti ya matufaha dirishani. Nikaona ghala la viazi. Pale uani kwetu, nyuma ya mama, kulikuwa na stoo ya kahawa ya baba. Ilikuwa na mlango mmoja na kuta za mawe, nayo haikuwa na kitu siku hizo zaidi ya magunia matupu na kuku anayetaga.

Sikuwaza zaidi ya hapo. Watu hudhani mawazo makubwa huja kwa wingi wa vitabu. Yangu huja nikila. Nikanawa mikono, nikaenda kwenye vigingi nikavihamisha kimoja kimoja, bila kufungua fundo hata moja. Kamba ikaanzia stoo ya kahawa, ikaja hadi kwenye migomba ya baba, ikapinda kushoto, ikazunguka kaburi kwa mbali, ikarudi kwenye mstari wake. Baba mdogo akanifuata nyuma, mikono mgongoni.

"Hii nyumba imepinda," akasema.

"Ndiyo ufundi wa kisasa, baba mdogo. Nimeusomea."

"Kanada wanajenga hivi?"

"Walio bora tu."

Akaikagua ile kona. Kisha akavua koti, akaenda kwenye ua wa kaburi, akakata kipande cha shina la sale, akaja kukipanda kwenye kona palepale ilipogeukia kamba. Akakikanyagia udongo kwa kiatu cha ibadani. "Mpaka wa kaka yangu," akasema. "Upande huu mwingine, jenga."

Chuo changu, basi, kilianza katika stoo ya kahawa, na naamini hakuna kingine mlimani chenye mwanzo bora zaidi. Kabla ya kuhamisha kuku nikamwambia mama asimame mlangoni nimpige picha.

"Subiri nivae kitenge cha akina mama wa kanisa."

Akakivaa, akasimama, akafunga mdomo kama kawaida yake. Nikamwambia picha hii itakuwa ya kwanza ukutani, na wanafunzi wataipita kila siku watakapoenda darasani.

"Wanafunzi wa wapi?"

"Wa hapahapa. Maji ya Chai."

"Basi wote wana meno kama yangu," mama akasema, akacheka, nami nikabonyeza.